Patasi za Ukutani

Siku ile ninaikumbuka kwa mlio wa beseni, mwanangu. Beseni la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, limegongwa na chuma. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu aliyekuwa anapita barabarani angedhani mama fulani ameangusha chombo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, mkononi nimeshika mpini wa mbao uliobaki bila chuma chake, na mlio ule niliusikia mwili mzima.

Nitafika kwenye beseni. Usinihimize. Mimi ni mzee wa Kapata, mtaa wa Kolwezi, nimezaliwa hapa katika nyumba hizi za kampuni zilizopangwa safu kwa safu. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba yangu akaifanya, nami nikawa fundi umeme katika karakana. Sisi watu wa Kapata tukianza habari, tunaanzia pale tunapotaka, na anayesikiliza anavuta kiti.

Kilichonifungua mdomo ni binti yangu Numbi. Yeye ni mwalimu, anakaa Manika, mtaa mwingine wa mji huu. Mimi humwita Mama, kwa sababu ana jina la mama mkwe wangu, na jina la mama mkwe huwa silitamki ovyo, ila kwako nitalitaja usije ukachanganya. Jumamosi hupanda pikipiki ya abiria, anafika hapa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anasalimia haraka haraka, kisha anapita moja kwa moja hadi kibanda changu cha nyuma, ambako iko mashine yangu ya kukerezea mbao. Mashine hiyo niliiunda mwenyewe: inazungusha gogo, nawe unaweka patasi, gogo linakuwa bakuli, au mchi, au mguu wa kiti. Kwangu haijawahi kuwa kazi ya mshahara. Ni starehe yangu ya baada ya kazi, kama wengine walivyo na mpira na wengine kwaya. Numbi ameirithi starehe hiyo, na ninafurahi kupita kiasi, ingawa mbele yake najifanya naona jambo la kawaida.

Jumamosi iliyopita alinionyesha picha katika simu yake. Patasi sita za kukerezea, mpya, nzuri kweli kweli, ziko katika duka moja la Lubumbashi. Mpaka sasa yeye hutumia patasi alizojitengenezea kwa tupa kuukuu, zile tupa za kunolea vyuma zilizokwisha meno, nami humwachia kazi ndogo za nje ya gogo tu, nikiwa kando yake.

"Tata, minapenda hii mingi," akaniambia. "Lakini, nikiipata, sitaitumika mara moja. Nitaiweka kwanza mu kabati ya sebule, isichafuke. Nitaendelea kujifunza na bile bya tupa."

Nikaketi chini, mwanangu. Mtoto huyu hakuwa amesikia habari hii hata siku moja, kwa kuwa mimi na mama yake tuliifunika, na hapo nikamwona anakwenda kuweka mguu wake palepale nilipoweka wangu. Basi nikamwambia. Na kwa kuwa nimekwisha kumwambia yeye, sioni sababu ya kukuficha wewe.

Nilipokuwa kijana, ndiyo kwanza nimeoa, hapa Kapata hakuna aliyenunua kitu ambacho angeweza kukitengeneza kwa chuma kilichotupwa na mgodi. Kisu kilitoka kwenye springi ya lori. Jembe lilitoka kwenye springi ya lori. Jiko la makaa lilitoka kwenye pipa. Tulijivunia jambo hilo, na hata leo ninajivunia. Nami patasi zangu za kukerezea nilizitoa kwenye tupa kuukuu za karakana. Nilizisaga mbele, nikazitia mpini, nikajiona fundi mkubwa.

Nyuma ya nyumba yetu, safu ya pili, alikaa mzee mmoja tuliyemwita kwa heshima Tata, yaani baba, Tshibangu. Kazi yake katika kampuni ilikuwa kutengeneza modeli za mbao. Kipande cha mashine kikivunjika, yeye alikichonga upya kwa mbao, sawasawa kabisa, kisha watu wa tanuru walikibonyeza mchangani na kumimina chuma mahali pale. Kwa hiyo mashine nyingi za mgodi ule, kabla ya kuwa chuma, zilipita kwanza katika mikono yake zikiwa mbao. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, asiyependa maneno mengi. Aliwahi kuziona patasi zangu za tupa, akaichukua moja, akaipiga kidogo kwa ukucha.

"Tupa ni nguvu, lakini haijue kupinda," akasema. "Siku moya itavunjika. Tafuta chuma ya kazi hii."

Nilimwitikia vizuri, ndiyo Tata, aksanti Tata. Halafu alipokwenda nikaendelea na tupa zangu. Ujana una masikio mawili, na yangu yote mawili wakati ule yalikuwa ya mapambo.

Hata hivyo neno lake lilibaki linanisumbua. Nikaanza kutamani. Wewe uliyewahi kutamani kitu cha starehe yako unajua hali hiyo: unakula unakiona, unasali unakiona. Mfanyabiashara mmoja wa Manika, aliyekuwa akienda Zambia na kurudi, alileta sanduku la patasi sita za kukerezea. Zilikuwa za kile chuma ambacho watu wa karakana walikisifu kwamba hakipotezi makali upesi hata kikipata moto. Mipini yake ilikuwa mirefu, ya mti mweupe uliong'arishwa. Nilikwenda kuzitazama siku tatu mfululizo. Siku ya nne yule mfanyabiashara akanitazama mimi, kisha akaitazama baiskeli yangu.

Ndiyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Mke wangu Kabange alinikuta nimefungua sanduku juu ya meza. Alikuwa mja mzito, miezi inahesabika. Alitazama patasi, akatoka nje, akatazama mahali baiskeli ilipozoea kuegemea, akarudi.

"Velo iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Hakupiga kelele. Kabange hapigi kelele, na ndiyo maana namwogopa mpaka leo. Alisema tu, "Muzuri. Sasa utazitumika sana, sivyo?"

Nikasema nitazitumia sana.

Na hapa ndipo upumbavu wangu ulipo, mwanangu, kwa hiyo sikiliza vizuri. Zile patasi zilikuwa nzuri mno machoni pangu. Ziling'aa. Zilikuwa na mafuta ya kiwandani bado. Nikafikiri, kwanza nizitundike, watu wazione. Nikachonga ubao, nikaupigilia ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo, nikazipanga sita zote kwa urefu wake. Usinicheke peke yangu. Nani katika mji huu hana sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kulia? Leo hii vijana wanaochimba kule machimboni wananunua viti vya sebuleni na kuvikalia miaka na plastiki yake, jasho linawatoka. Ndivyo tulivyo. Kitu kizuri tunakipa heshima ya kutokukigusa. Wageni waliingia wakasema, "Eh, fundi!" Nami nikatabasamu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukereza kwa tupa.

Kila nilipotaka kuishusha moja, niliogopa. Niliogopa kuinoa, kwa sababu kunoa ni kusaga, na kusaga ni kupunguza. Niliogopa kuikosea. Nilijiambia, nitazitumia nikishakuwa hodari. Nilikuwa nimetoa baiskeli, ninatembea kwa miguu kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, kwa ajili ya vitu ambavyo vilikuwa na kazi moja tu ya kufutwa vumbi Jumapili.

Sasa ikafika habari ya mama mkwe. Mke wangu ni wa Lubudi, na katika ukoo wao mama hakanyagi nyumba ya mkwe wake, wala hali chakula chake, mpaka mkwe amemtolea kitu cha kumfungulia mlango. Kwa wengi huwa ni mbuzi, au kitambaa. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amesikia kwamba binti yake ameolewa na mtu anayekereza mbao, akatuma neno: hataki mbuzi. Anataka bakuli, lililotoka katika mikono ya mkwe mwenyewe. Akilipata ataingia, akae na binti yake mpaka ajifungue.

Kabange alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote. Ilikuwa mimba ya kwanza. Miguu ilikuwa imevimba, usingizi haumchukui, na hakuwa na dada wala shangazi hapa Kolwezi. Hakuniomba mara nyingi. Aliniambia mara moja tu, ameketi kitandani: "Mi minaogopa. Minataka mama yangu." Barua ikafika kwamba mama atapanda treni, atabadilisha nyingine kituo cha Tenke, atafika Jumamosi. Asipolikuta bakuli, atalala kwa watu wa kanisa na kurudi kwao na treni inayofuata. Hakuwa mwanamke wa kubembelezwa.

Nilikuwa na gogo moja zuri la mulombwa, ule mti mwekundu wa huku kwetu. Nilikuwa nimelikausha juu ya jiko kwa muda mrefu, na lilikuwa moja tu. Alhamisi mchana nilikuwa na mapumziko. Nikalifunga kwenye mashine.

Kwa nini sikushusha patasi nzuri siku ile, hata kwa bakuli la mama mkwe? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliogopa zaidi kwa sababu jambo lilikuwa kubwa. Nilijiambia, hii ya tupa naijua, ile sijaizoea, leo si siku ya kujaribu. Unaona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya kwa maneno ya busara? Ningeizoea tangu mwanzo, siku ile ingenikuta nimekwisha kuijua.

Nje nilimaliza vizuri. Nilipoanza kuchimba ndani, tupa ikawa haikati. Ilikwaruza tu, ikatoa unga mwekundu ulionijaa puani. Nikakandamiza. Nikaisogeza mbele zaidi kuliko inavyofaa, ikawa inaning'inia ndani ya bakuli bila pa kuegemea. Nikakandamiza tena kwa uzito wa mwili.

Kabange alitokea mlangoni wakati huohuo, amebeba beseni la nguo zilizokwisha kufuliwa. Alikuwa amelishikilia mbele ya tumbo, kwa mikono miwili, kama wanavyobeba wanawake waliochoka.

Tupa ikanasa, ikavunjika. Sikuiona ikiruka. Niliusikia mlio tu, ule niliokuambia. Bakuli likachomoka kwenye mashine, likapiga ukuta wa kibanda, likapasuka vipande viwili. Mashine ikaendelea kuzunguka bila kitu. Kabange alikuwa amesimama palepale, hakuwa ameliangusha beseni. Alilitazama. Upande wa mbele palikuwa na bonde, ukubwa wa yai, na rangi nyeupe imebanduka mpaka bati jeusi likaonekana. Kipande cha tupa kilikuwa miguuni pake, na kilikuwa na ncha.

Mbele ya tumbo lake, mwanangu. Nguo mbichi na bati, kisha mtoto.

Nilizima mashine. Nilikaa chini juu ya unga wa mbao na kulia mbele ya mke wangu, na sioni haya kukuambia. Yeye alikuwa bado hajalia. Aliliweka beseni chini polepole, akashika tumbo, akangoja. Kisha akasema, "Anacheza. Iko muzima." Ndipo naye akalia.

Tata Tshibangu alikuwa amesikia mlio wa bakuli ukutani. Alikuja anakohoa, akaingia bila hodi. Hakunisemesha mimi. Alimwendea Kabange, akamkalisha, akamuuliza kama ana maumivu, akamletea maji. Kisha akaokota kipande cha tupa, akakigeuza kidogo mkononi, akaingia ndani ya nyumba. Nilimfuata. Alikuwa amesimama sebuleni, uso umeinuliwa, anazitazama patasi zangu sita ukutani. Nilitamani anipige.

"Bile bitu biko kule juu," akasema hatimaye, "weye unabifanyiaka misa?"

Nikautazama ubao nilioupigilia mwenyewe.

"Minakuuliza. Ni batakatifu? Unawashaka mishumaa? Bibi yako anatembea na mimba, weye unatembea na miguu, na chuma inakaa tu pale, inapumzika. Ndiyo ulitoa velo juu ya hiyo?"

"Niliogopa kuziharibu, Tata."

Akanionyesha kile kipande cha tupa. Kisha akapanda kwenye kiti, mzee yule na kikohozi chake, akazishusha zote sita, akanitupia mikononi kama kuni.

"Kuya, twende," akasema.

Tulikwenda kibandani kwake. Alikuwa na jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mguu. Aliniamuru nichukue ile patasi ya tumbo, ile iliyobonyea katikati kama mfereji, ambayo ndiyo ya kuchimbia bakuli. Nilipoigusisha jiwe mara ya kwanza na ule mng'ao wa kiwandani ukakwaruzika, nilisikia uchungu, nakuambia ukweli. Ilikuwa kama kumnyoa bibi harusi siku ya harusi yake. Nikainua mkono. Akaushika, akaurudisha.

"Noa. Inatoka kiwandani na uzuri ya kuuzia. Makali, ni mwenyewe anaiweka."

Nilinoa. Nilikosea, akanirudisha. Nilinoa tena. Alinifundisha kugeuza mpini polepole, kutokandamiza, kutazama ukingo na kuacha kutazama cheche. Kisha akaingia chini ya meza yake, akatoa gogo la mulombwa lililokauka kuliko langu. Lilikuwa na alama za kalamu yake. Alikuwa amelikusudia kitu chake mwenyewe, sijui nini, hakusema wala sikuthubutu kumuuliza. Alilifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanikabidhi.

Ijumaa baada ya kazi nilisimama tena mbele ya mashine, naye kando yangu. Kabange tulimkataza kuja upande ule. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

"Acha mugongo ya patasi iguse muti kwanza," akasema. "Isikate. Iguse tu. Sasa inua mukono kidogo, kidogo. Yenyewe itaanza kukula."

Nikafanya hivyo. Mwanangu, sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Hakukuwa na unga, hakukuwa na kukandamiza. Maganda marefu yalitoka, membamba, yakiviringika kama maganda ya chungwa, yakanipita begani na kuangukia nyuma. Mbao ilikuwa laini nyuma ya patasi, kana kwamba imekwisha kupigwa msasa. Miaka miwili nilikuwa nimepigana na mbao nikidhani ndivyo mbao zilivyo. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, na Tata Tshibangu akakohoa kile kikohozi chake ambacho baadaye nilikuja kujua kuwa ndicho kicheko chake. Kabla giza halijaingia bakuli lilikuwa limekwisha.

Jumamosi mama mkwe alifika. Alisimama nje ya ua, uso ameugeuzia upande, kitambaa kimefunika nusu ya kichwa. Nami uso niliugeuza, kama inavyotakiwa. Nililiweka bakuli juu ya mkeka kwa mikono miwili, nikarudi nyuma. Nilimsikia akilichukua. Nilimsikia akipitisha kidole gumba ndani yake, akizunguka polepole, na nikajua kabisa atafika wapi, kwa maana karibu na kitako palikuwa na mstari mdogo, mahali nilipokosea na sikuweza kupaondoa. Kidole kikasimama.

"Hapa mukono yako ilitetemeka," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akaligeuza bakuli. "Muzuri," akasema. "Ndiyo mukono ya mutu. Haikutoka mu duka."

Akavua viatu, akaingia ndani. Nilisikia Kabange akimwita "Mama!" kwa sauti ya mtoto mdogo, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nilibaki uani na kumshukuru Mungu, kisha nikaenda safu ya pili kumshukuru Tata Tshibangu. Huyo aliniambia niende kunoa, patasi zimebaki tano.

Jumatatu, saa sita mchana, mimi niko karakana, uchungu ulimshika Kabange ghafla na kwa nguvu, majuma matatu kabla ya wakati. Hakukuwa na nafasi ya kutafuta gari. Aliyekuwa ndani ya nyumba ni mama yake peke yake. Mikono yake ndiyo iliyompokea mtoto, na mikono yake ndiyo iliyolegeza kitovu kilichokuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Nilipofika mbio, kwa miguu, mtoto alikuwa anaogeshwa. Alikuwa msichana. Na beseni alimoogeshwa lilikuwa lile, jeupe, lenye ukingo wa buluu, lenye bonde ukubwa wa yai. Mama mkwe hakujua habari zake. Alilichukua tu kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Hapo ndipo nilipofika katika kumsimulia Numbi, Jumamosi iliyopita. Beseni hilo analijua. Amekua nalo. Mama yake bado huloweka humo maharage, na bonde lile lilikwisha kupakwa rangi mara nyingi, kila mara buluu tofauti. Akiwa mdogo aliwahi kuniuliza nani alilipiga, nikamwambia liliangushwa na mbuzi. Nikamwambia sasa, "Mama, nyuma ya beseni ile ulikuwa weye."

Aliinuka, akaenda jikoni. Nilimsikia akimwaga maharage katika sufuria. Alirudi na beseni tupu, maji yanadondoka, akaketi karibu yangu amelipakata, na kidole gumba chake kikawa kinazunguka ndani ya lile bonde, polepole, sawasawa na bibi yake alivyofanya kwa bakuli. Kabange alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na maharage yangu?" akauliza.

Tulicheka mpaka tukalia. Au tulilia mpaka tukacheka, siwezi kukuhakikishia.

Kisha nikamletea Numbi ile patasi ya tumbo. Huiona mkononi mwangu kila Jumamosi, lakini hakuwa amejua ni kipande tu. Ilipotoka Zambia chuma chake kilikuwa kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Sasa kimebaki kirefu kama kidole cha kati. Nimeinoa mpaka imekwisha, na kila unywele uliopungua umetoka kwa kunolewa, kwa ajili ya vinu vya majirani, mabakuli ya harusi, miguu ya viti vya kanisa. Tata Tshibangu alipokuwa mgonjwa wa mwisho alitaka kuishika. Aliipima urefu kwa vidole, ikawa nusu, akakohoa kile kicheko chake, akasema, "Sasa ni yako." Ninamshukuru kila siku ninapoinoa. Alinifokea siku moja, na hiyo siku moja imenitosha miaka yote hii.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiipenda kazi ya mikono yako, hata kama ni starehe tu ya Jumamosi, jipatie kifaa chema. Usione haya kwamba hukitafutii riziki. Kifaa kibovu hakiulizi kama wewe ni fundi wa mshahara au mtu wa kujifurahisha, kikivunjika kinaruka. Anza na kimoja kama sita ni vingi. Patasi moja ya tumbo na jiwe la kunolea vitakufikisha mbali kuliko sanduku zima lililofungwa. Na siku kitakapoingia nyumbani, siku hiyohiyo kipeleke kwenye jiwe. Usingojee uwe hodari kwanza, maana hicho ndicho kitakachokufundisha. Usikitundike. Tupa kuukuu ifanye kisu cha mboga, inatosha, lakini mbele ya gogo linalozunguka usiilete tena. Na mzee wa safu ya pili akija kukuambia jambo kwa ukucha wake, jambo dogo, mara moja tu, msikilize kabla beseni halijalia.

Numbi amekubali. Patasi zake zitafika na gari la kutoka Lubumbashi, na ameniambia zisifunguliwe mpaka yeye awepo, kwa sababu anataka kuzinoa mwenyewe, zote sita, siku hiyohiyo. Nimeshamfutia jiwe.

Mungu wa babu zetu, aliyeweka bati mahali palipohitaji bati, na akutangulie wewe pia. Akupe chuma chema na mikono ya kukitumia. Mikono yako ikitetemeka, akupe mtu wa kukuambia imetetemekea wapi, kisha mtu huyo avue viatu, aingie ndani kwako, ale.